Nipe Mkono Wako: Mafundisho ya Kabala juu ya Umoja na Mateso ya Wanadamu

Ndugu zangu mnaowahudumia wagonjwa na wafiwa,

Nawashukuru kwa kunialika. Mmeniomba nizungumze juu ya Kabala, yaani elimu ya siri ya dini ya Kiyahudi, na hasa juu ya fundisho lake la umoja, ili tuone kama linaweza kutusaidia tunaposimama mbele ya mtu anayeteseka. Mimi si Myahudi. Nimeyasoma maandiko hayo kwa miaka mingi kwa mapenzi na kwa heshima, na ningependa kuanza na kosa nililolifanya mwenyewe kwa kuyasoma vibaya.

Jirani yangu alifiwa na binti yake wa miaka minne. Siku ya tatu baada ya mazishi nilikwenda kumpa pole. Wakati huo kichwa changu kilikuwa kimejaa habari za cheche za nuru zilizotawanyika tangu mwanzo wa ulimwengu, na nikaona kwamba hapa ndipo mahali pake. Nikamweleza mama yule kwamba dunia hii ilivunjika kabla yetu sote, kwamba hakuna chozi linalopotea, na kwamba katika kila giza mna nuru inayosubiri kuokotwa. Nilizungumza karibu robo saa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Asante, mwalimu. Sasa nisaidie kukunja hizi nguo."

Kando yake palikuwa na beseni la nguo za mtoto, zilizofuliwa kabla hajapelekwa hospitali na kuanuliwa na mtu mwingine. Tukazikunja: magauni mawili, sweta ya kijani iliyokosa kifungo kimoja, soksi ambazo hazikuwa jozi. Shuka lilipofika alishika ncha mbili nami nikashika ncha mbili, kama watu wanavyokunja shuka, na kupitia kitambaa kile nikahisi jinsi mikono yake ilivyokuwa ikitetemeka. Hatukusema neno tena mpaka beseni lilipobaki tupu.

Nilirudi nyumbani nikayafungua upya maandiko yale yale, na nikaona nilipokosea. Walioyaandika hawakukusudia kumweleza aliyeumia kwa nini ameumia. Walimwandikia yule ambaye hajaumia, ili akose pa kusimama kando.

Twende basi Safed, mji mdogo katika vilima vya Galilaya, katika karne ya 16. Mwaka 1492 wafalme wa Hispania, Ferdinand na Isabella, waliwafukuza Wayahudi wote waliokataa kubatizwa, na jamii iliyokuwa imeishi huko kwa karne nyingi ikasambaa kuelekea Ureno, Italia, Afrika Kaskazini na nchi za Dola ya Uthmaniya. Baadhi ya watu hao na watoto wao wakafika Safed, mji ambao wakati huo ulistawi kwa ufumaji wa sufu. Mwanahistoria Gershom Scholem alishikilia kwamba Kabala iliyochipuka huko ilikuwa jibu la jeraha la kufukuzwa. Moshe Idel, aliyekuja baada yake, alipinga na kusema ushahidi wa jambo hilo ni mchache. Sidhani kwamba sisi tunalazimika kuamua kesi hiyo. Linalotuhusu ni kwamba fundisho la umoja liliandikwa na watu ambao uhamisho haukuwa hadithi ya mbali kwao.

Wa kwanza wao ni Moses Cordovero, aliyeishi kuanzia 1522 hadi 1570, na ambaye jina lake lenyewe linaukumbusha mji wa Cordoba. Katika kitabu chake kidogo kiitwacho Mtende wa Debora, kilichochapwa Venice mwaka 1588, anachukua sifa 13 za rehema ya Mungu kutoka maneno ya nabii Mika na kuuliza, moja baada ya nyingine, mwanadamu aziigeje. Akifika kwenye maneno "mabaki ya urithi wake," anasimama kwenye neno moja la Kiebrania ambalo kwa matamshi yake linaweza pia kumaanisha nyama ya mwili, yaani jamaa wa damu. Ni kana kwamba Mungu anasema: nitawafanyaje watu hawa, nao ni damu yangu, na maumivu yao ni yangu? Na hapo Cordovero analeta mstari wa Isaya ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaujua: "Katika mateso yao yote yeye aliteswa."

Kutoka hapo anashuka kwetu. Roho za watu, anasema, zimo zote pamoja, na ndani ya kila mtu mna sehemu ya kila mwenzake. Kwa hiyo mtu na aitakie mema nafsi ya jirani yake na aione heshima yake kuwa ya kwake, kwa sababu jirani yule ni yeye mwenyewe. Na mwenzake akipatwa na taabu, aumie kana kwamba yumo katika taabu ile. Sisi tuna methali isemayo, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Ni busara nzuri, lakini ni busara ya mtu anayejiandaa kwa zamu yake. Cordovero anakwenda mbali zaidi: kwake, wembe tayari uko juu ya kichwa chako.

Picha yenyewe ni ya kale kuliko Kabala. Talmud ya Yerusalemu, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, ikieleza kwa nini Torati imekataza kisasi, inauliza juu ya mtu anayekata nyama, na kisu kikateleza kikamkata mkono: je, mkono uliokatwa utakichukua kisu uukate ule mwingine? Nimewahi kulisoma swali hili mbele ya wanafunzi wa sekondari, nao walicheka kwanza, kisha wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwisha kumfikiria mtu fulani.

Mwaka 1570, mwaka ule ule alipofariki Cordovero, alifika Safed mtu mwingine, Isaac Luria, ambaye Wayahudi humwita Ari, yaani Simba. Alizaliwa Yerusalemu mwaka 1534, akafiwa na baba yake akiwa mtoto, akalelewa na mjomba wake Misri, na huko alikuwa mfanyabiashara. Karatasi zilizosalia zinaonyesha kwamba aliuza pilipili manga. Alikaa Safed miaka miwili tu. Mwaka 1572 maradhi ya kuambukiza yaliingia mjini, naye akafa akiwa na umri wa miaka 38. Aliandika kidogo mno. Tunayoyajua kwake yameandikwa hasa na mwanafunzi wake Hayyim Vital.

Habari za cheche, nilizomwagia jirani yangu, ni za Luria. Kwa ufupi alifundisha kwamba Mungu, ambaye Kabala humwita Asiye na Mwisho, alijikusanya ili apatikane mahali pa ulimwengu. Kwamba nuru yake ilimiminwa katika vyombo, vyombo visiweze kuihimili, vikapasuka. Na kwamba vigae vilianguka pamoja na cheche za nuru, na kazi ya mwanadamu ni kuunga kilichovunjika. Nasema kuunga kwa makusudi, kwa sababu ndilo neno tunalolitumia kwa mfupa, na mfupa hauungwi kwa mbali. Lazima mtu aushike. Alifundisha pia kwamba roho zote zilikuwamo ndani ya mwili mmoja wa Adamu, mmoja akitoka kichwani, mwingine mkononi, mwingine kisiginoni. Ndiyo maana inasimuliwa juu yake kwamba aliungama hata dhambi ambazo hakuzitenda, kwa kuwa ungamo la Kiyahudi liko katika wingi, "tumekosa," na mwili mmoja hauna kiungo kinachoweza kusema kwamba homa hii si yangu.

Lakini ninalotaka mlichukue kwake ni jambo dogo, ambalo wasomaji wengi, nami nikiwamo, huliruka wanapokimbilia vyombo na cheche. Vital ameandika kwamba mwalimu wake aliwaagiza wanafunzi, kabla ya sala ya asubuhi, kila mmoja ajitwike kwanza amri ya Walawi, "umpende jirani yako kama nafsi yako," ili sala yake ipande ikiwa imefumwa pamoja na sala za wengine. Na akaongeza agizo kwa lile kundi la wenzi waliosoma pamoja: akiwapo mmoja wao mwenye taabu, au mwenye mgonjwa nyumbani mwake au miongoni mwa watoto wake, wenzake washiriki huzuni yake na wamwombee. Angalieni mpangilio wake: kushiriki kumetangulia, kuomba kumefuata.

Wayahudi wa Kabala walipenda kuonyesha jambo hili kwa hesabu za herufi, ambamo kila herufi ina namba yake, na ambazo wazee wetu wa pwani waliosoma hesabu ya abjadi watazielewa mara moja. Neno la Kiebrania la upendo lina thamani ya 13. Neno la "mmoja," lile linalofunga kauli ya imani ya Kiyahudi, "Sikiza, Ee Israeli, Bwana, Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja," nalo lina thamani ya 13. Ukizijumlisha unapata 26, ambayo ndiyo thamani ya herufi nne za Jina la Mungu lisilotamkwa. Mwenye shaka atasema ni mchezo wa namba. Mimi naona ni watu waliotafuta njia ya kukumbuka, kila wanapokiri kwamba Mungu ni mmoja, kwamba wamekiri pia jambo juu ya jirani.

Hapa sina budi kuwa mkweli kwenu. Cordovero na Luria, waliposema roho zote ni mwili mmoja, walikuwa wakizungumza hasa juu ya Waisraeli, na Kabala ina kurasa ambazo ni kali kwa watu wa mataifa mengine. Haifai kuzificha. Lakini katika mapokeo yale yale Vital aliandika kwamba anayetafuta utakatifu awapende viumbe wote, hata wasio Wayahudi. Na Pinchas Hurwitz, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1797 kama maelezo marefu ya maandishi ya Vital, alitetea waziwazi kwamba jirani anayetajwa katika Walawi ni kila mwanadamu. Mimi nimesimama upande wa Hurwitz.

Sasa turudi kwa aliyelala kitandani, maana kuna hatari katika fundisho hili ambayo ninyi mnaijua kuliko mimi. Ni rahisi sana mtu mwenye afya kumwambia mgonjwa kwamba sote ni kitu kimoja, kisha akaenda zake kula. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wenye hekima wa Talmud walilijua hilo, na katika kitabu cha Berakhot waliacha kisa ambacho kwangu ni ufunguo wa yote niliyokwisha kuyasema.

Rabi Elazar aliugua, na Rabi Yohanan akaenda kumwona. Akamkuta amelala katika chumba cha giza. Yohanan, aliyesifiwa kwa uzuri wa ajabu, akaufunua mkono wake na nuru ikajaa chumbani, ndipo akaona kwamba Elazar analia. Akamuuliza: unalia nini? Kama ni kwa sababu hukujifunza Torati ya kutosha, tumefundishwa kwamba aliyetoa kingi na aliyetoa kidogo ni sawa, mradi moyo wake umeelekea mbinguni. Kama ni riziki, si kila mtu hujaliwa meza mbili. Kama ni watoto, tazama, huu ni mfupa wa mwanangu wa kumi. Ndugu zangu, mtu huyu alikuwa amezika watoto kumi na alitembea na mfupa mdogo wa yule wa mwisho. Alikuwa na haki ya kutoa maelezo kuliko yeyote kati yetu, akatoa matatu, na hata moja halikufika. Elazar akamjibu: nalilia uzuri huu, ambao utaozea udongoni. Yohanan akasema, kwa hilo kweli unastahili kulia, na wakalia wote wawili. Baada ya kulia pamoja ndipo akamuuliza, "Je, mateso haya unayapenda?" Elazar akasema, "Sitaki hayo wala thawabu yake." Yohanan hakumkemea kwa jibu lile. Akamwambia, "Nipe mkono wako." Akampa, naye akamwinua.

Ukurasa ule ule unasimulia kwamba Yohanan mwenyewe aliugua siku nyingine, na ilimbidi Rabi Hanina aje, aulize swali lile lile, apokee jibu lile lile, kisha aseme, nipe mkono wako. Talmud inauliza: kwa nini Yohanan, aliyewainua wengine, asijiinue mwenyewe? Na inajibu kwamba mfungwa hawezi kujifungua mwenyewe gerezani. Hapo ndipo ninapouona umoja ambao Safed waliuandikia vitabu. Kama roho yangu ingekuwa kamili peke yake, ningejiinua. Sehemu yangu inayoweza kuniinua iko kwako, na yako iko kwangu, na haitolewi ila kwa kuja.

Wahasidi, Wayahudi wa vuguvugu la uchamungu lililoanza Ulaya Mashariki, husimulia kisa kuhusu Shneur Zalman wa Liadi, aliyeishi kuanzia 1745 hadi 1812. Mwanawe alikuwa amezama katika masomo hata asimsikie mtoto wake mchanga aliyeanguka kutoka kwenye susu akawa analia karibu naye. Babu, aliyekuwa chumba cha juu akisoma vile vile, alisikia, akashuka, akambeba mtoto na kumbembeleza, kisha akamwambia mwanawe kwamba hakuna kina cha elimu kinachompa mtu ruhusa ya kutosikia kilio cha mtoto. Sihitaji kulitia neno.

Mtu wa mwisho ninayemleta kwenu ni Kalonymus Kalman Shapira, rabi wa mji mdogo wa Piaseczno karibu na Warsaw, mji mkuu wa Poland. Septemba 1939, Wajerumani walipoupiga Warsaw kwa mabomu, mwanawe wa pekee alijeruhiwa. Mke wa kijana huyo aliuawa kwa bomu alipokuwa amekwenda hospitali kwa ajili yake, na baada ya siku chache kijana naye akafa. Mama yake rabi akafariki muda mfupi baadaye. Shapira akaendelea kuhubiri. Kwa karibu miaka mitatu, mjini Warsaw na kisha ndani ya geto, yaani mtaa ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi, aliwahubiria watu wenye njaa na homa inayoenezwa na chawa, na nyumba yake ya mtaa wa Dzielna ikawa na jiko la kulisha umma.

Fundisho lake katika mwaka wa 1942 limejengwa juu ya neno la Talmud kwamba Mungu ana chumba cha ndani ambamo hulia kwa siri. Kwa nini kwa siri? Kwa sababu, anasema Shapira, huzuni ya Asiye na Mwisho nayo haina mwisho, na kama tone lake lingepenya katika ulimwengu huu, ulimwengu usingeihimili. Hivyo Mungu anaonekana kuwa amenyamaza, kumbe yumo ndani analia. Na mtu anaweza kuingia humo. Kilio anacholia mtu peke yake, alifundisha, kinaweza kumvunja hata asiweze kufanya lolote. Lakini kilio anacholia pamoja na Mungu humtia nguvu, akainuka na kusoma na kutenda. Mzaburi alikwisha kusema kwa niaba ya Mungu, "Nitakuwa pamoja naye taabuni," na Shapira aliyachukua maneno hayo kama yalivyo.

Jambo moja zaidi linanifanya nimwamini mwalimu huyu. Desemba 1941 alikuwa amewaambia wasikilizaji wake kwamba mateso kama yale yamewahi kuwapata Wayahudi zamani. Mwishoni mwa Novemba 1942, baada ya wengi wa wakazi wa geto kupelekwa kuuawa, alirudi kwenye karatasi ya hotuba hiyo akaandika masahihisho: yaliyotokea tangu wakati ule hayajawahi kuwapo. Hakuyakunja mateso ili yaenee ndani ya fundisho lake. Aliliacha fundisho lipasuke na akaandika kwamba limepasuka. Kisha, Januari 1943, akazifunga karatasi zake pamoja na barua ya kumwomba atakayezikuta azipeleke kwa ndugu yake katika Nchi ya Israeli. Zilifukiwa pamoja na kumbukumbu za siri za geto zilizokusanywa na Emanuel Ringelblum, katika madebe ya chuma ya kubebea maziwa. Shapira aliuawa Novemba 1943. Madebe hayo yalifukuliwa Desemba 1950, na mwaka 1960 hotuba zile zikachapwa.

Wayahudi wanapofiwa huketi siku saba, chini au kwenye viti vifupi, kama sisi tunavyokaa matanga. Desturi yao ni kwamba anayekuja kufariji haanzi kusema, anasubiri mfiwa aanze, kwa mfano wa rafiki za Ayubu, ambao siku saba mchana na usiku waliketi naye juu ya nchi "wala hakuna mmoja aliyenena neno." Rafiki wale walifanya vyema muda wote walionyamaza, na mashaka yalianza walipoanza kueleza. Anapoondoka, mgeni humwambia mfiwa maneno mafupi: Mahali awafariji miongoni mwa waombolezaji wote wa Sayuni na Yerusalemu. Wengi husema "awafariji," kwa wingi, hata kama mbele yake ameketi mtu mmoja. Na Mungu anaitwa kwa jina la Mahali. Lugha yetu imelipa neno hilo ngeli yake peke yake, lisiloishirikisha na neno lingine, na kila ninaposikia salamu hiyo nafikiri kwamba Mswahili anaweza kuielewa kwa namna yake: mahali hapa, palipokaliwa na wawili, ndipo alipo.

Kesho asubuhi mtakutana hapa tena kabla ya kugawana wodi. Naomba, kabla ya kila mmoja kusali kwa dini yake, mtumie dakika chache kufanya kama wale wenzi wa Safed. Kila mmoja amtaje mgonjwa au mfiwa anayemlemea, jina la kwanza tu linatosha, na wengine wamsikie mpaka amalize. Na kama yuko kati yenu mwenye mgonjwa nyumbani kwake, au mtoto anayeumwa, huyo atajwe wa kwanza.